Kwa anayeanza benchi la bakteria: kabla hujashika rula

Mdogo wangu, wiki ya kwanza utapewa rula upime duara lililo wazi, mahali bakteria hawakuota, kuzunguka kila diski ya dawa kwenye sahani. Pima, lakini kwanza inua sahani kwenye mwanga utazame umbo la hilo duara. Mimi nilichelewa kulijua hili.

Bakteria wengi sugu hawaikimbii dawa, wanaivunja. Penisilini na ndugu zake, hadi seftriaksoni, wana pete ya atomi nne iitwayo beta-laktamu, na makali yao yamo humo. Bakteria hutoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachoipasua pete hiyo kwa msaada wa maji tu. Dawa inabaki jina. Kimeng'enya chenyewe hakiishi: kikimaliza molekuli moja kinahamia nyingine. Wala si jambo la juzi. Abraham na Chain walikieleza mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijaanza kutumika mahospitalini.

Ukishuku bakteria Klebsiella anatoa ESBL, yaani beta-laktamasi inayovunja hata seftriaksoni na wenzake, weka diski ya amoksilini yenye klavulaniki katikati, seftazidimu na sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni, pembeni, milimita 20 hivi kutoka kitovu hadi kitovu. Klavulaniki peke yake haiui sana. Kazi yake ni kukinasa kimeng'enya. Ndiyo maana duara la seftazidimu huvutika upande wa katikati, mfano wa tundu la ufunguo. Ukiliona mara moja hulisahau.

Kosa langu lilikuwa kulitoa kopo la diski kwenye friji na kulifungua hapohapo. Kopo la baridi linavuta unyevu, na klavulaniki haipatani na unyevu. Siku kadhaa sikuona tundu hata moja, nikafurahi eti wodi zimetulia. Kumbe hata Klebsiella wetu wa kudhibiti ubora, ATCC 700603, ambaye lazima aonyeshe ESBL, alikuwa haonyeshi kitu, nami nampita tu. Msimamizi ndiye aliyegundua. Tulirudia sampuli zote, kisha nikapiga simu wodi moja baada ya nyingine. Mtihani wa chuo ni afadhali.

Basi kopo likae nje, limefungwa, saa moja au mbili. Sahani ya udhibiti isome kwanza. Mchanganyiko wa bakteria unaoupaka kwenye sahani uwe McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wake: ukizidi uzito, duara linasinyaa, ukiwa mwepesi, sugu anapita kama mnyonge. Na duara la seftriaksoni likikaa mpakani, usiandike kitu. Niite, hata kama niko kwenye chai.