Dada Trans Uliyefika Nairobi, Anza na Laini ya Simu

Dada trans wengi, yaani wanawake tulioitwa wavulana tulipozaliwa, wakikimbilia hapa huniuliza mtaa gani una usalama. Mimi huwauliza laini ya simu wanayotumia imesajiliwa kwa jina gani.

Nairobi kila kitu ni M-Pesa, na ukimtumia mtu hela, jina lililosajiliwa linamtokea kwenye ujumbe. Umevaa dera lako, umesuka, mama mboga amezoea kukuita mrembo. Siku moja huna pesa taslimu, unamtumia shilingi mia ya sukuma wiki na nyanya. Simu yake inalia, anasoma "Athumani", anakutazama, anasoma tena. Jioni ploti nzima inajua, na mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba chumba chako kina mgeni anayekuja kutoka mashambani.

Kwa hiyo karibu na nyumbani lipa taslimu. M-Pesa iwe ya mbali, kwa watu wasiojua mlango wako. Na usikubali kutumia laini ya "rafiki" kwa sababu tu ina jina la kike: mwenye jina ndiye mwenye laini, siku mkikosana anairudisha kwake pamoja na akiba yako.

Baada ya simu, karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakutaka ujitokeze mbele ya afisa wa wakimbizi ndani ya siku 30 tangu uingie Kenya. Nenda. Ndugu zetu wa Uganda waliokimbia sheria ya Mei 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na sisi wa Burundi ambako sheria ilibadilishwa 2009 ikayafanya kosa, tuna ugonjwa mmoja: tukikaa mbele ya afisa tunasema tumekimbia siasa. Nakuelewa kabisa. Foleni imejaa watu wa kwenu, na mkalimani naye ni wa kwenu. Mimi natoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Buyenzi kila mtu ana shangazi anayemjua shangazi yako. Lakini ukisema siasa leo, kisha mwakani useme ukweli, watakuona mwongo mara mbili. Omba mkalimani mwingine, au omba kuhojiwa kwa Kiswahili usimhitaji kabisa. Jina la kwenye pasipoti litaje kama lilivyo, hata likikuuma, kisha taja jina unaloishi nalo, uhakikishe yote mawili yameandikwa.

Usitegemee kubadilisha jina hapa upesi. Audrey Mbugua, dada trans Mkenya aliyezaliwa hapa, ilibidi aende Mahakama Kuu ndipo mwaka 2014 iamuliwe cheti chake cha shule kibadilishwe jina. Wewe mgeni ndiyo kwanza unatafuta kitambulisho.

Polisi wakikukamata watakutishia miaka 14. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wanachokitaja, kinazungumzia tendo la ngono, hakizungumzii gauni wala wanja. Usibishane nao barabarani. Ukifika kituoni sema wewe ni mkimbizi, onyesha karatasi, omba kumpigia wakili. Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki hiyo, na inawataka wakupeleke kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti haikai. Namba ya Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria, iandike kwenye karatasi, maana simu yako huwa ya kwanza kuchukuliwa. Omba pia usiwekwe seli moja na wanaume. Wanaweza kukataa, ila wakili atakuwa na la kuanzia.

Sasa vidonge. Najua dada wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi mara mbili, mara tatu kwa siku, ili matiti yaje haraka. Homoni iliyomo humo inaweza kugandisha damu, na ukiwa mvutaji sigara hatari inazidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti, au pumzi ikikata ghafla na kifua kichome, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Na mwambie daktari unachomeza. Hawezi kutibu asichokijua, na akikusimanga, msimango utapita, damu iliyoganda haingoji.

Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na sasa matapeli wanauza nafasi za kuhamia Canada. Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hazilipiwi, kuanzia fomu hadi mahojiano. Anayekuomba hata nauli ya kusogeza faili lako, mkatie simu na uipeleke namba yake ofisini.