Kivuli Kwanza, Bembea Baadaye

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza bustani kubwa ya mji iwe na nini ili familia nzima, kuanzia mtoto anayejifunza kutembea hadi bibi, ipate sababu ya kwenda na kukaa. Najibu nikiwa mkazi wa Dodoma na mzazi ambaye mara nyingi hutoka jioni na watoto pamoja na mama yangu mzee. Kwa maoni yangu, kabla ya bembea, kabla ya mtelezo na kabla ya banda la barafu, bustani ya mji kama wetu inahitaji kivuli cha kutosha, na mengine yote yapangwe kukifuata kivuli hicho.

Anayeishi Tanga au Bukoba huenda akaona ninatia chumvi. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba na kwisha Aprili. Kwa wastani, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Miezi inayobaki ni ya jua kali, na ikifika Julai na Agosti huongezeka upepo unaobeba vumbi. Katika hali hiyo, mtelezo wa bati uliosimikwa mahali peupe hauguswi saa saba mchana. Nimeshuhudia watoto wakiupanda kwa shangwe, wakaketi, na kabla hawajajiachia wakaruka pembeni wakishika mapaja yaliyoungua, huku hatua chache kutoka hapo kukiwa na mwarobaini mkubwa uliojaa watu wazima chini yake. Aliyepanga eneo lile alizipa benchi kivuli na michezo akaiweka juani. Matokeo yake, mzazi hukaa mbali na mwanawe, mtoto huchoka upesi, na familia huondoka mapema ikidhani kwamba watoto ndio wasumbufu.

Dawa yake si ngumu: miti ikiwa tayari ipo, vifaa vya michezo viwekwe chini yake, ikiwa haipo, ipandwe kuzunguka eneo la michezo, na kwa miaka ya mwanzo turubai au paa la makuti lishike nafasi yake. Benchi nazo zielekezwe kule watoto waliko. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini mama mwenye mtoto mchanga mapajani na mwingine kwenye bembea anajua uzito wake, kwa kuwa hawezi kuwa mahali pawili, ila anaweza kuona pawili.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu mbuyu, mti tunaouhusudu sote tuliokulia mikoa ya kati. Mbuyu si mti wa kutegemewa kwa kivuli, kwa sababu hupukutisha majani na kukaa mtupu kwa sehemu kubwa ya kiangazi, yaani wakati uleule tunapohitaji kivuli. Kazi hiyo inawezwa zaidi na mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuzoea ardhi yetu vizuri sana, pamoja na mjohoro na baadhi ya migunga. Lakini mbuyu una kazi yake nyingine, nayo ni kubwa: ni kivutio. Mtoto anayekulia kwenye nyumba za kupanga za mjini, ambaye ubuyu anaujua ukiwa umetiwa rangi na sukari ndani ya kipakiti, anastahili kupelekwa chini ya mti wenyewe, aupige shina kwa kiganja, na aambiwe kwamba mti huo huweka maji ndani ya shina lake laini ili uvuke kiangazi. Ukifika msimu wa maua, apelekwe jioni. Maua ya mbuyu ni meupe, makubwa, huning'inia kichwa chini na hufunguka jua linapozama, na popo huyafuata usiku ili wanywe utamu wake, nao ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Bustani yenye mbuyu mmoja mzee, njia safi ya kuufikia, ubao wa maelezo kwa Kiswahili chepesi na mtu wa kuongoza watoto saa kumi na mbili jioni, ina kivutio ambacho pesa nyingi haziwezi kukinunua kiwandani.

Wapo watakaosema kwamba bustani za wenzetu wakubwa zimejengwa kwa mashine za michezo. Historia haisemi hivyo. Central Park ya New York, yenye hekta zipatazo 341, ilipangwa mwaka 1858 na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, nao walianza na miti, nyasi, mabwawa ya kuchimbwa na njia za kutembea. Bembea ya kuzunguka yenye farasi wa bandia kwa ajili ya watoto iliwekwa mwaka 1871, lakini kiwanja cha kwanza chenye vifaa vya michezo ya watoto kilifunguliwa miaka ya 1920, miti ikiwa imekwisha kuwa mikubwa. Leo bustani hiyo ina viwanja vya watoto 21, mashua za makasia za kukodi, bustani ya wanyama na bwawa la kuendeshea vimashua vya kuchezea, na viwanja hivyo vya watoto vimekaa ndani ya kivuli kilichotangulia. Sisemi nasi tungoje miaka sitini. Nasema utaratibu wa kazi ndio ule.

Mji wetu wenyewe uliwahi kufikiriwa hivyo. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango wa mji uliofuata mwaka 1976, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Kanada, uliuona kama mji wa watu kutembea kwa miguu, wenye makazi yaliyotenganishwa na maeneo ya wazi. Tangu hapo watu wameongezeka sana, hasa baada ya ofisi za serikali kuhamia hapa na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Tuna Nyerere Square katikati ya mji, yenye sanamu ya Mwalimu, ambapo watu hupumzika wakisubiri shughuli zao; tuna na Chinangali Park, ambayo imewapa watoto wa mjini nyasi za kukimbilia. Nafurahi kwamba zipo, na nazitumia. Hata hivyo, jiji lenye eneo kubwa kama letu, ambalo tangu mwaka 2024 linafikiwa kwa treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam, linahitaji bustani ya ukubwa wa kumfanya mtu apange kwenda kushinda humo tangu asubuhi, na ingefaa iwe karibu na vilima vyetu vya mawe, kwa kuwa mawe yale makubwa ya mviringo ni mahali pa kupanda na kujificha ambapo watoto hawahitaji kufundishwa namna ya kupatumia.

Kuhusu shughuli zenyewe, napenda ziwe za kushirikisha umri tofauti, kwa maana bustani nyingi huwagawa watu: watoto kule, vijana na spika zao huku, wazee hawana kwao. Mama yangu hahitaji mengi. Akitandikiwa mkeka mahali palipo sawa, akawa na karanga za kumenya na wajukuu wakimzunguka, ataanza mwenyewe kuwafundisha mdako kwa vijiwe alivyookota pale pale, akirusha kimoja juu na kukusanya vilivyo chini kabla hakijarudi mkononi, na kwa kasi ambayo wajukuu hawaifikii. Kwa hiyo pawepo sehemu tambarare ya mchanga iliyotengwa kwa mdako, rede, kombolela na kuruka kamba. Pawepo meza za bao zilizojengwa kwa saruji. Jumamosi jioni vikundi vya ngoma za Wagogo vialikwe, zeze na marimba visikike, na akina mama wapige ngoma za muheme, kisha watoto waruhusiwe kuzigusa ngoma zenyewe. Ukutani pawepo nafasi ya kuchora kwa udongo mwekundu na mkaa, na mwelekezaji awaeleze watoto kwamba katika mkoa wao huohuo, Kolo wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Wanyama wa kufungiwa siwapendekezi, na bwawa la mashua katika mji wenye shida ya maji linahitaji hesabu makini kabla ya ahadi.

Lakini yapo mambo mawili yanayoamua kama familia itarudi, nayo ni choo na gharama. Choo kiwe safi, kiwe na maji, kiwe na mlango unaofungika na pahali pa kumbadilisha mtoto nepi, na kisiwe mwisho wa bustani ambako mama anaogopa kumtuma binti yake. Bomba la maji ya kunywa liwepo, ili mzazi asilazimike kununua chupa kwa kila mtoto. Kuhusu gharama, nimewahi kuona mama akisimama langoni mwa eneo la michezo la mtu binafsi, akihesabu kiingilio cha watu, akaongeza cha bembea, kisha nauli ya bajaji ya kurudi, akawashika watoto mikono wakageuka. Anayeendesha biashara yake simlaumu, ana gharama zake. Lakini bustani ya jiji ni mali ya umma. Kuingia kuwe bure, na mapato yatokane na vibanda vya juisi ya ubuyu, zabibu na mahindi ya kuchoma, ambavyo wapewe wafanyabiashara wadogo wa hapahapa kwa kodi nafuu na sharti la usafi.

Eneo lenyewe nalo lilindwe kisheria kabla mti wa kwanza haujapandwa. Uhuru Park ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilikaribia kumegwa mwaka 1989 kwa ajili ya jengo la ghorofa 60, na ikanusurika kwa sababu Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, na wenzake walikataa, wakatukanwa, wakaendelea kukataa. Sitaki watoto wetu wategemee ujasiri wa namna hiyo. Hati ya bustani ikamilike, mipaka iwekewe alama, na ramani ibandikwe langoni kila mtu aione.

Jua hapa huzama kuanzia takriban saa 12:30 jioni, na saa moja na nusu ya kabla yake ndiyo bora kuliko zote kwa familia. Taa zikiwepo, muda huo utasogea hadi saa mbili usiku bila hofu. Ama miti, mashimo yake yachimbwe Oktoba na Novemba, miche iingie ardhini mvua zinapoanza Desemba, na fedha za kumwagilia kuanzia Mei hadi Novemba ziwemo katika bajeti ya bustani tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa miche mingi tunayoipanda kwa sherehe msimu wa mvua hufa Agosti na Septemba kwa kukosa ndoo moja ya maji.

Msomaji wenu,
Dodoma