Wazazi wa Iowa City wauliza kuhusu shule

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wazazi wenzetu wa Iowa City, Coralville na North Liberty, katika jimbo la Iowa huko Marekani, ambao watoto wao wako chini ya wilaya moja ya shule za umma.

Mwaka 2017 wapiga kura walipitisha dola milioni 191.5 za shule. Mbona Shule ya Msingi Hills ikafungwa 2024?

Pesa zile ni mkopo wa majengo. Haziruhusiwi kulipa mishahara. Mishahara hutoka fungu jingine, linalokwenda na idadi ya wanafunzi, na kiwango cha kila mtoto hupangwa na Bunge la jimbo. Kwa hiyo wilaya inaweza kuwa na madarasa mapya huku haina pesa za kutosha za walimu. Tena watu wamejaa zaidi kaskazini, ndiyo maana Sekondari ya Liberty ilifunguliwa North Liberty mwaka ule ule wa 2017. Hills iko kusini, na ni mji mdogo. Bajeti ilipobana, shule yake ndiyo iliyoguswa. Nawaelewa waliopinga: mji wa aina ile hauna mahali pengine pengi pa watu kukutana. Wajumbe saba wa bodi inayoongoza shule za wilaya huchaguliwa, na vikao vyao viko wazi hata kwa asiye raia. Nendeni.

Dada yangu amefika na watoto, karatasi za uhamiaji hazijakamilika. Watapokelewa?

Watapokelewa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Aende na uthibitisho wa anwani, wa umri, na kadi za chanjo. Asichelewe: hesabu rasmi ya wanafunzi hufanyika Oktoba 1, na fungu la mwaka unaofuata hutegemea hesabu hiyo.

Basi la shule halimchukui mwanangu. Kwa nini?

Huenda mnakaa karibu na shule. Sheria ya Iowa inailazimu wilaya kumbeba mwanafunzi wa msingi anayekaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, na wa sekondari zaidi ya maili 3.

Nikiitwa na mwalimu, mwanangu ndiye anayenitafsiria. Ni sawa?

Hapana, mama, na hili linaniuma. Mwalimu anasema hesabu zimeshuka na utoro umezidi, mtoto anakugeukia: “Anasema naendelea vizuri.” Hata asiyedanganya anabebeshwa mambo ya watu wazima. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani, bila kukutoza senti. Mwombe siku mnayopanga mkutano, si mlangoni. Na kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema mapema, ili wasikuletee mtu ambaye mtaachana njiani.