Sindano gani kwa tunedisiki ya baba?

SWALI: Jambo yaya, niko na tunedisiki ya marehemu baba, sindano imeisha, disiki zake za rumba zinalia shhh tu. Fundi mmoja ananiambia ninunue katriji (kile kidude kinachoshika sindano) ya MC, eti ndiyo ya wakubwa. Ni kweli? (Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Jambo ndugu yangu, pole na baba. MC (aina yenye koili inayotikisika) achana nayo kwanza, nyingi zinatoa milivolti 0.2 mpaka 0.5 hivi, ampli ya kawaida haitaisikia vizuri bila kifaa kingine cha kupandisha sauti, na sindano ikikatika haichomoki, ni katriji nzima. Chukua MM (aina yenye sumaku inayotikisika), mfano AT-VM95E ya Audio-Technica, inatoa milivolti 4, sindano unaichomoa kwa vidole unaweka mpya, basi. Uzito wa sindano kukandamiza disiki uwe gramu 2. Tafuta na kamizani kadogo, maana watu wanaogopa uzito wanapunguza, kumbe mkono ukiwa mwepesi sana sindano inarukaruka na kukwangua disiki zaidi! Ila kabla ya kutoa pesa angalia kichwa cha mkono kama kina nafasi mbili za skrubu zilizoachana milimita 12.7, kama hazipo haitaingia. Vile viwaya 4 vya nyuma ya katriji vishike na pinseti polepole, vinakatika bure. Na disiki uzisafishe, ndugu.