Kabla hujaongeza pawa ya leza, tuongee kuhusu upasuaji

Mdogo wangu mmoja kaanza PhD ya mambo ya ubongo, juzi kaniuliza WhatsApp aongeze pawa ya leza ya maikroskopu mpaka ngapi ili aone vizuri niuroni (seli za ubongo) za hipokampasi ya panya, ile sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Nikamwambia punguza kwanza, maana hapo hapo ndo mimi nilipoteza karibu miezi sita.

Iko hivi, ubongo ni kama maziwa, mwanga ukiingia unatawanyika. Maikroskopu ya fotoni mbili, ile iliyotoka Cornell mwaka 1990, inasaidia sana kwa sababu seli inawaka pale tu fotoni mbili zinapoipiga kwa pamoja, lakini hata hiyo ukivuka kama nusu milimita picha inaanza kufifia, na hipokampasi ya panya iko chini kama milimita moja. Mimi nikawa nafidia kwa pawa, picha ikang'aa kidogo, kumbe tishu inapata joto, na niuroni ikipata joto haifanyi tena kazi yake ya kawaida. Sasa unarekodi nini hapo?

Kilichonitoa ni lenzi ya GRIN, kijiti cha kioo chenye upana wa milimita moja hivi, unakishusha mpaka karibu na seli zenyewe. Ili kipite inabidi unyonye kipande cha gamba la juu la ubongo, kwa hiyo dawa ya usingizi na ya maumivu usifanyie mchezo kabisa, huyo ni kiumbe. Shusha taratibu mno, na osha damu mpaka maji yatoke meupe ndo ugandishe saruji ya meno ya kushikilia lenzi, maana damu ikibaki chini ya lenzi hutaona kitu.

Halafu subiri. Panya wangu wa kwanza wiki ya kwanza alikuwa ukungu mtupu, nikamtoa kwenye utafiti, na mpaka leo inaniuma kwa sababu wa pili alikuwa hivyo hivyo, nikamwacha, wiki ya nne uvimbe umeisha seli zinawaka na kuzima moja moja, nilibaki nimekodoa tu.

Ukiona seli inang'aa mpaka katikati kwenye kiini na haipepesi, usifurahi, hiyo GCaMP imezidi (ile protini inayofanya seli iwake ikifanya kazi, tunaiingiza kwa virusi), seli inaumwa, next time punguza virusi. Seli yenye afya inaonekana kama pete, katikati giza.

Na picha ikipotea ghafla, angalia kwanza yale maji yanayokaa kati ya lenzi ya maikroskopu na kijiti, mara nyingi ni kiputo cha hewa.