Hawaii na Peru: usilinganishe dola kwa dola
Umeuliza nani ana hali nafuu, Wahawaii au Waperu. Kwa dola tupu Hawaii iko mbele sana, ila vipimo vya umaskini havifanani. Peru hupima matumizi ya kaya: mwaka 2023 mstari wa umaskini ulikuwa soli (sarafu ya Peru) 446 kwa mtu kwa mwezi, na asilimia 29 walikuwa chini yake. Kipimo rasmi cha Marekani huangalia kipato kabla ya kukatwa kodi, wala hakijali pango la nyumba. Kwa hiyo kwa Hawaii chukua kile cha nyongeza, SPM, kinachohesabu makazi. Hapo ndipo panapouma: nyumba ya familia moja kisiwani Oahu hupita dola milioni moja, na sensa ya 2020 ilikuta wenyeji asilia wengi zaidi wakiishi nje ya Hawaii kuliko ndani.

Peru shida ni ajira. Takriban 7 kati ya 10 wenye kazi wako sekta isiyo rasmi. Hawaii, sheria ya 1974 inambana mwajiri amkatie bima ya afya anayefanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki. Na wastani wa Peru usiuamini peke yake: mikoa ya Ica (umaskini mdogo) na Cajamarca (umaskini mkubwa) ni dunia mbili.