Kusafirisha msiba kwa barabara: mambo ya kuiga kwenye msafara wa Malkia Elizabeth

Kwenye ukoo wetu mtu akifariki Dar na anatakiwa kuzikwa Moshi au Same, kamati ikishakaa tu mtu wa usafiri ni mimi, wala hawaulizi tena. Sio kwamba nina hela au nina magari, ni vile nishafanya sana hii kazi na najua wapi huwa inaharibika. Sasa watu wakiniuliza naanzaje kupanga safari ndefu yenye mwili, nawaambia kaangalie video za Septemba 2022, Malkia Elizabeth wa Pili alivyotolewa Balmoral kupelekwa Edinburgh. Wengi wanacheka. Wanasema wale ni wafalme, serikali yote iko nyuma yao, na kweli Hazina ya Uingereza baadae ilitoa hesabu kwamba msiba ule na shughuli zake uliigharimu serikali kama pauni milioni 162, wakati sisi tuna daftari la michango na ahadi nyiiingi. Sikatai. Ila mi niliangalia ule msafara kwa jicho la mtu wa magari, mwanzo mpaka mwisho, na vingi nilivyoviona pale mtu wa Mbagala anaweza kuvifanya.

Malkia alifariki Alhamisi tarehe 8 Septemba huko Balmoral, Scotland kaskazini, mbali na London. Jumapili tarehe 11 ndo mwili ukaanza safari. Wameondoka baada ya saa nne asubuhi, wakapita Ballater, Aboyne, Banchory, wakaingia jiji la Aberdeen, wakashuka na pwani, Dundee, Perth, wakavuka daraja la Queensferry Crossing (ambalo yeye mwenyewe alilifungua 2017) wakaingia Edinburgh mpaka kasri la Holyroodhouse saa kumi na kitu jioni. Kama kilomita 280, masaa sita hivi.

Sasa chukua ramani uangalie. Balmoral mpaka Edinburgh kuna njia fupi, unaenda kusini unapanda milima ya Glenshee unatokea Perth, umeokoa kilomita nyingi sana. Hawakupita huko. Walizunguka mashariki kwasababu watu wako huko, Aberdeen ni jiji, Dundee ni jiji, na vile vijiji vya njiani ndo vilivyokuwa vinamjua kama jirani. Kwaiyo swali la kwanza kwenye kikao lisiwe njia ipi ni fupi, liwe nani lazima aage akiwa njiani, alafu njia ndo inafuata. Kwetu mara nyingi barabara ni moja tu lakini swali ni lilelile, unasimama wapi na husimami wapi. Usipoliamua kwenye kikao litaamuliwa na mtu yeyote mwenye namba ya dereva. Tulishawahi kupita Korogwe usiku, shangazi wa marehemu amesimama pembeni ya lami na kanga mbili mkononi toka alasiri, kuna mtu alimwambia tunakuja saa kumi, na kwenye ratiba yetu Korogwe haikuwepo kabisa. Tulisimama bila shaka, utampitaje shangazi, lakini tuliposimama na wengine wote wakashuka na ikawa ibada.

Wenzetu walitangaza njia mapema, miji kwa miji, na saa za kukadiria. Ndo maana ukaona wakulima wa Aberdeenshire wamepanga matrekta yao kwenye mashamba kama gwaride, na wengine wako juu ya farasi pembeni ya barabara. Wale watu walijua muda. Kwenye ratiba walitakiwa wafike Edinburgh saa kumi jioni kamili, wakachelewa kidogo kama dakika ishirini na kitu, na wale wana polisi na barabara imefungwa, sasa wewe unayepita Chalinze siku ya Ijumaa unamwambiaje mtu "saa nane kamili tupo hapo"? Toa muda wenye nafasi, mwambie kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na uteue mtu mmoja tu wa kutoa taarifa. Grupu la wasap la ukoo sio chombo cha kuongozea msafara, kule kila mtu anaandika tumefika wapi kutoka kwenye gari lake na magari yamepishana kilomita arobaini.

Jambo la mwendo ndo napenda kuliko yote. Watu wanadhani msafara wa mazishi lazima uende taratibu safari nzima, wanawasha hazadi Kimara wanazima Moshi. Hapana jamani. Angalia walivyofanya: wakiingia Ballater gari linatambaa, mtu anaona jeneza, anaona bendera ya kifalme ya Scotland na lile shada, wakitoka kijijini mwendo unapanda, wakifika barabara kubwa ya M90 wanatembea kabisa. Pale penye watu unapunguza, pasipo na watu unafidia. London nako hivyohivyo, tarehe 19 Septemba baada ya ibada ya Westminster Abbey jeneza likiwa juu ya mkokoteni wa mzinga lilivutwa na wanamaji 142 kwa miguu, hatua 75 kwa dakika, mpaka Wellington Arch, halafu pale pale likahamishiwa kwenye gari kwenda Windsor alipozikwa, kwasababu huwezi kutembea na watu kilomita zote zile. Kila kipande cha safari kina mwendo wake na mahali pa kubadilishia palishajulikana kabla.

Mi kwangu huwa naandika kwenye karatasi hivi: kutoka mochwari mpaka nyumbani taratibu, kutoka mjini kawaida, barabara kuu mwendo wa sheria bila kuzidisha, na kuanzia pale njia panda ya kijijini taratibu tena mpaka kaburini. Ile njia panda ndo muhimu. Hapo magari yote yanasubiriana, yanapangwa, gari la mwili linakaa sehemu yake, hazadi zinawashwa, mnaingia kijijini kwa heshima. Kabla ya hapo hakuna haja ya magari ishirini kufukuzana yasiachane, huo ndo mwanzo wa ajali, dereva wa nyuma anaovateki lori kwenye kona eti asiachwe na msafara.

Na hesabu ya muda anza nayo kutoka mwisho. Mazishi saa nane mchana, basi ibada saa tano, basi mwili uwe umeshalala nyumbani au umefika alfajiri, basi mmetoka Dar saa ngapi, basi mochwari wanafungua saa ngapi. Kuna siku utaona hesabu imegoma, mochwari wanafungua saa mbili na wewe ulitaka uwe barabarani saa kumi na moja. Bora uione kwenye karatasi.

Idadi ya magari sasa, hapa ndo naombaga ugomvi. Msafara wa Balmoral ulikuwa na magari saba. Saba! Binti yake Princess Anne na mumewe wakiwa kwenye gari la nyuma ya jeneza. Na siku ya mazishi London, viongozi wa nchi walipandishwa kwenye mabasi, kila mtu na cheo chake, wachache sana waliruhusiwa magari yao, Rais wa Marekani akiwa mmojawapo. Mnakumbuka zile picha za Rais Samia na Rais Ruto kwenye basi, watu walivyozitania mitandaoni. Mi sikucheka hata kidogo, mi nilisema safi, hawa ndo wanajua kazi. Basi moja linabeba watu wa gari kumi na tano, lina dereva mmoja wa kumpigia simu, linahitaji sehemu moja ya kupaki. Sasa wewe kaka mwenye Prado unakataa kupanda Coaster na ndugu zako kwasababu gani? Rais kapanda.

Gari la mwili lenyewe usikubali kuambiwa tu lipo, nenda kaliangalie. Jeneza la Malkia lilikuwa la mwaloni na ndani limewekwa risasi, ile madini nzito, kwaiyo kulibeba ilitakiwa wanajeshi wanane. Uzito ulishajulikana, idadi ya wabebaji ikajulikana, na gari la kifalme la kule London lilitengenezwa na Jaguar pamoja na watu wa kasri likiwa na vioo vikubwa na taa ndani. Ile taa ina maana yake. Tarehe 13 ndege ya jeshi ilimshusha uwanja wa Northolt, London, jioni, mvua inanyesha, giza linaingia, msafara ukashika barabara ya A40 kwenda kasri la Buckingham na jeneza linaonekana vizuri kabisa, madereva wa upande wa pili wanasimamisha magari wanashuka kwenye mvua. Bila taa wangeona gari jeusi limepita basi.

Wewe huna Jaguar, sawa, una gari la kukodi. Chukua futi kamba upime jeneza na upime gari, urefu na kimo, maana ukichonga jeneza lenye mapambo juu ya mfuniko linaweza lisiingie, na kugundua hilo pale mochwari watu wakiwa wanaimba ni aibu ya mwaka. Alafu uliza linafungwaje. Safari ya Windsor jeneza lilikuwa na taji, na ile tufe ya dhahabu, na fimbo ya kifalme juu yake, na hakuna kilichotikisika, kila kitu kilikaa mahali pake. Barabara zetu zina matuta, kila kijiji kimejiwekea yake, jeneza lisilofungwa linaserereka na wanaokaa nalo nyuma wanabaki kulishika kwa mikono usiku mzima. Nunua mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye kikazio cha chuma, miwili inatosha. Kamba ya katani ikilowa inavuta, ikikauka inalegea.

Maua nayo. Hili linaonekana dogo. Princess Diana alipopelekwa kuzikwa Althorp, Septemba 1997, watu walirusha maua mengi mpaka dereva akawa anaendesha na waipa, ikabidi wasimame wayaondoe ndo waendelee. Malkia naye kuelekea Windsor maua yalimwagwa juu ya gari vilevile. Kwetu ni vitambaa, majani, mashada yamefungwa na selotepu kwenye boneti, na bango la picha ya marehemu ambalo fundi kalipachika mbele ya kioo. Picha weka upande wa abiria, chini, na kabla ya kuingia barabara kuu mtu mmoja ashuke afute kioo na atoe kila kitu kinachopepea. Dakika tano tu.

Halafu mpango wa pili. Mazishi ya Malkia Victoria, Februari 1901, pale Windsor, farasi wa kuvuta mkokoteni wa jeneza walisimama kwenye baridi muda mrefu, kuja kuanza kuvuta vifaa vyao vikakatika. Mwili uko barabarani, dunia inaangalia. Wanamaji waliokuwepo pale wakafunga kamba wakavuta wenyewe mpaka kanisani, na toka hapo ikawa ndo desturi, ndo unaona wale 142 wa mwaka 2022. Wao iliwatokea vizuri. Wewe kabla hujaondoka jibu hili swali: gari la mwili likifa Segera saa saba usiku, mwili unahamia gari lipi? Lazima kuwe na Noah au Hiace kwenye msafara ambayo viti vya nyuma vinatoka au vinalala, na dereva wake aambiwe toka mwanzo kwamba yeye ndo akiba, asije akapakia mikungu ya ndizi na magunia ya mchele nyuma. Na hilo gari linakaa nyuma ya gari la mwili, halitangulii kwenda kupika.

Makaratasi sitasema sana. Cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili, kopi tatu tatu, orijino zikae kwenye gari la mwili na sio kwenye mkoba wa mama mdogo ambaye amepanda basi la mbele.

Kelele nalo nilikumbushwa na wale. Uwanja wa Heathrow ulibadilisha ratiba ya ndege siku ya mazishi ili ngurumo zisiingilie ibada na msafara, uwanja mkubwa vile. Sisi tunashindwa kuwaambia vijana wa bodaboda wanaosindikiza wasipige honi na kuinua tairi la mbele. Waambieni. Kama wanataka kusindikiza wapewe kazi, wawili wakae njia panda waoneshe magari pa kuingilia, wengine wapange paking, utashangaa wanavyofanya vizuri.

Cha mwisho ni dereva. Kwenye bajeti nyingi ninazoletewa kuna turubai, kuna spika, kuna ng'ombe, kuna fulana zenye picha, dereva kaandikiwa mafuta na soda. Huyu mtu ameendesha usiku kucha na kesho yake anarudisha ndugu zenu wote Dar. Akifika tu apewe maji ya kuoga, chakula kabla ya foleni ya wageni, na chumba chenye mlango unaofungwa mbali na spika, na ufunguo wa gari akabidhiwe mtu wa usafiri ili asiamshwe kila saa kwenda kuchukua maji mtoni. Safari ikizidi masaa nane weka madereva wawili, na wa pili asiwe shemeji aliyekuwa kwenye mkesha wa nyumbani.

Mkinitumia bajeti zenu huko kwenye komenti nitaziangalia, ila wekeni na majina ya vituo, sio jumla tu ya mafuta.